Maswali ya wasomaji: daftari la michoro na mikono ya wengine

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa zoezi moja: kujaribu mitindo na vifaa vya wasanii wengine ndani ya daftari la michoro. Zilizofanana tumeziunganisha. Majibu ni ya walimu wa sanaa wa safu hii.

Shikamooni walimu. Niko kidato cha tatu. Tuliagizwa tujaze kurasa kumi kwa kujaribu mitindo ya wasanii wanne. Nimetafuta picha kwenye simu, nikazinakili kwa penseli vizuri kabisa, hata wenzangu wamesifu. Mwalimu ameandika "hujajaribu kitu" na kunipa alama ndogo. Alitaka nini? — Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba. Alitaka uiweke penseli chini. Ukichukua penseli ya HB ukanakili chapa ya ubao ya Mjapani Hokusai, picha ya Tingatinga ya rangi ya mafuta na kolaji (picha ya vipande vilivyobandikwa) ya Wangechi Mutu, kurasa zote tatu zitakuwa na sura moja, nayo ni sura ya HB. Umeonyesha kwamba jicho lako linapima vizuri, na hilo si dogo. Lakini zoezi linauliza jambo jingine. Msanii huyu alishika nini mkononi? Kifaa hicho kilimwezesha nini, kilimnyima nini, naye akafanyaje? Mtindo mara nyingi huzaliwa pale penye kunyimwa.

Mtazame mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh. Mwaka 1887, akiwa Paris, alinakili chapa za Mjapani Hiroshige. Ile ya bustani ya miplamu aliipitisha kwanza kwenye karatasi nyembamba na kuichorea miraba, sawa na mwanafunzi yeyote. Baada ya hapo alifanya kwa rangi ya mafuta na brashi kitu kilichokuwa kimechapwa kwa mbao na wino wa maji, akazikoleza rangi kupita za chapa, akaongeza fremu yenye maandishi ya Kijapani ambayo hayamo kwenye chapa hiyo. Miaka miwili baadaye, akiwa hospitalini Saint-Rémy, alichukua chapa nyeusi na nyeupe za kazi za mchoraji Mfaransa Millet akazichora kwa rangi. Rangi hazikuwepo za kunakili, ikabidi aziamue mwenyewe. Mara zote mbili alijiachia kitu cha kuamua. Wewe kwenye kurasa zako kumi hukujiachia chochote.

Fanya hivi. Wasanii watatu wape kurasa mbili mbili, na yule mmoja unayempenda zaidi mpe nne. Hapo kumi zimetimia. Ukurasa wa kwanza wa kila msanii usiwe na picha nzima. Chora mraba wa sm 8 kwa 8, chagua kipande kimoja cha picha yake chenye mambo mengi, kisha ukifanye kwa kifaa kilicho karibu iwezekanavyo na chake. Pembeni acha utepe wa majaribio: mistari, nukta, madoa, rangi ikiwa nzito na ikiwa nyepesi. Utepe huo usiusafishe wala kuufuta, maana msahihishaji anautazama kabla ya mraba. Ukurasa wa pili utumie kifaa kile kile na mbinu ile ile, ila kwa kitu chako: sufuria, kandambili, mwembe wa nje ya darasa. Hapo ndipo utajua kama umeelewa, kwa sababu hakuna jibu la kutazamia. Kwa msanii wa kurasa nne, ya tatu na ya nne zirudie kazi hiyo hiyo huku ukibadili jambo moja tu, kwa mfano karatasi, au ukubwa.

Na ukubwa uuandike kabla hujachora. Simu inadanganya. Chapa ya wimbi kubwa ya Hokusai ina takriban sm 25 kwa 37, yaani inatosha kwenye meza ya darasani. Guernica ya Picasso ina takriban mita 3.5 kwa 7.8. Kwenye kioo cha simu zote mbili zinalingana na kidole gumba, na mwanafunzi anazichora kwa mstari wa unene mmoja.

Nimependa michoro ya wino ya Van Gogh yenye vistari vifupi na nukta. Nikijaribu kwa peni inatoka kama nyavu, haina uhai. Nini kinakosekana? — Msomaji, Tanga

Kinakosekana ni tete. Mwaka 1888, akiwa Arles, kusini mwa Ufaransa, alichora kwa kalamu za matete ya huko. Peni ya kisasa hutoa mstari wa unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho na haiishiwi wino. Tete linashika wino kidogo, linaanza kwa doa zito, linakonda, kisha linakauka baada ya sentimita chache. Anayelitumia hana njia ila kuchora vistari vifupi, tena vyenye kichwa na mkia. Ule "uhai" unaousema unatoka hapo.

Matete hayakosekani mtoni. Chagua lililokaukia kwenye shina, lenye unene wa mm 8 hadi 10, ukate kipande cha sm 18. Kwa kisu kikali kata mshazari kutoka nje kuingia ndani, urefu wa kama sm 3, hadi upate umbo la kijiko. Kwangua utando mweupe wa ndani. Kisha pasua ncha katikati kwa wembe, sm 1 tu, na mwisho weka ncha juu ya kigae au kipande cha kioo uikate wima ibaki na upana wa mm 2. Mpasuo ukizidi, miguu miwili ya ncha itaachana ukikandamiza na utapata mistari miwili badala ya mmoja. Tete bichi halifai, linalainika na mpasuo unajifunga. Hata kavu litalainika baada ya kurasa mbili tatu. Likate upya, usilionee huruma.

Wino uwe mweusi wa chupa wa kuchorea. Wa kwenye peni ni mzito, hautiririki. Tenga vifuniko vitatu vya soda: kimoja wino mtupu, cha pili wino na maji sawa kwa sawa, cha tatu sehemu moja ya wino kwa nne za maji. Mbali kwenye picha kuchorwe kwa cha tatu, karibu kwa cha kwanza. Kila ukichovya, gusisha ncha kwenye ukingo wa kifuniko kabla ya kuipeleka kwenye karatasi, la sivyo tone litaanguka pale pale usipotaka.

Ukikosa wino wa dukani, kusanya masizi ya kibatari kwenye sahani ya bati. Kijiko kimoja cha chai cha masizi kilainishe kwanza kwa matone machache ya spiriti, kwa sababu masizi yana mafuta na yakikutana na maji moja kwa moja yataelea tu. Kisha ongeza gundi ya mgunga iliyolowekwa usiku kucha, sehemu moja ya gundi kwa tatu za maji, kiasi cha kijiko kimoja, halafu maji hadi itiririke. Ikikauka na kutoka kwa kidole, gundi ni kidogo. Ikimeta na kupasuka, imezidi.

Karatasi ya gramu 80 (uzito wa mita moja ya mraba) haifai hapa. Wino utatambaa kama mizizi na ncha itaichana. Tafuta gramu 150 kwenda juu, au manila.

Mambo mawili ya kuongezea. Wino wa michoro mingi ya Van Gogh umechujuka ukawa kahawia kwa miaka, kwa hiyo usichukue penseli ya kahawia ukidhani ndivyo alivyokusudia. Na kalamu ya tete si ngeni kwa mtu wa mwambao, ndiyo iliyoandika misahafu na tenzi kwa herufi za Kiarabu. Ya khati, yaani ya mwandiko huo wa Kiarabu, hukatwa ncha pana na ya mshazari. Kata moja hivyo pia, uzilinganishe mbili hizo kwenye ukurasa mmoja.

Nilichora Tingatinga kwenye daftari kwa rangi ya mafuta ya kopo. Baada ya wiki kurasa zimegandana, nyuma kuna doa la njano, na nukta zimesambaa. Nimetumia rangi sahihi kabisa! — Mwanafunzi, Temeke, Dar es Salaam

Rangi ni sahihi, pa kuipaka ndipo pamekosewa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za madukani, juu ya hadibodi, mara nyingi mraba wa takriban sm 60 kwa 60. Ubao wa futi 4 kwa 8 unatoa vipande vinane vya ukubwa huo bila mabaki. Hadibodi ni ngumu, na uso wake hauna mparuzo. Karatasi inanyonya: mafuta yaliyomo kwenye rangi yanaikimbia rangi na kuingia kwenye nyuzi, ndilo hilo doa la njano. Juu rangi inafanya ngozi kavu lakini chini bado mbichi, na wewe umefunga daftari, hewa haipiti. Ikagandana.

Kata kipande cha hadibodi, au manila nene, sm 15 kwa 15. Kipake rangi nyeupe ya maji ya ukutani mara mbili. Mkono wa kwanza uwe sehemu mbili za rangi kwa moja ya maji, wa pili rangi tupu, na katikati subiri saa mbili. Ukikauka, pitisha msasa laini. Sasa paka usuli, yaani sehemu ya nyuma ya picha, wa rangi moja kwa rangi ya mafuta, kisha uache siku nzima, saa 24, mahali penye hewa. Siku ya pili weka umbo la mnyama kwa rangi bapa, bila kuivuta wala kuichanganya na usuli. Siku ya tatu, nukta na mistari.

Nukta usizichore kwa nywele za brashi. Tumia kitako cha mpini wa brashi, kichwa cha msumari, au njiti ya kiberiti, kila kimoja kina ukubwa wake. Pima rangi kwenye kifuniko cha soda na ongeza matone matatu au manne ya tapentaini, si zaidi. Nukta ikisambaa, rangi ni nyepesi mno. Ikiacha mkia kama utepe wa asali, ni nzito mno. Thina kali ya kupulizia magari usiiguse kwenye kazi hii: inalainisha tabaka la chini na picha inakunjamana kama ngozi ya maziwa. Fanyia kazi barazani, si chumbani, na brashi isafishwe kwa tapentaini kabla ya sabuni.

Kama shuleni hamruhusiwi rangi ya mafuta, changanya rangi ya posta sehemu mbili na gundi nyeupe ya mbao sehemu moja. Haimeti sawasawa na ile, lakini inakaa bapa, na ukipaka tabaka la pili, la chini haliyeyuki. Hiyo unaweza kuiweka kwenye daftari lenyewe ikiwa karatasi ni nene. Kile kipande cha hadibodi kitengenezee mfuko wa bahasha ndani ya jalada la nyuma.

Jambo la mwisho kwako, nalo ni la macho. Tingatinga mwenyewe alifariki 1972, hivyo alichora kwa miaka minne hivi tu. Kazi zake nyingi ni za mnyama mmoja au wachache, usuli wazi, hakuna msongamano. Zile picha zilizojaa twiga, Kilimanjaro na jua linalotua, zenye usuli wa rangi mbili zinazoyeyukiana, nyingi ni za wafuasi waliomfuata. Zote ni halali kuzijaribu, ila usiandike jina lake chini ya kazi ya mtu mwingine. Bora uweke ukurasa mmoja wa kila aina, uone mtindo ulivyosafiri.

Hamjambo walimu. Kijana wangu anajaza daftari kwa picha za wachoraji wengine na anasema ndiyo kazi ya shule. Hii si wizi? Nilidhani msanii anafundishwa ubunifu. — Mzazi, Nakuru

Hatujambo. Hofu yako wanayo hata wasanii wakubwa. Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu na kuwa mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa huko Nairobi mwaka 1965, anajulikana kwa onyo lake kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Sisi tunaliheshimu onyo hilo, na tunaona linamhusu anayeishia kwenye kunakili. Daftari la mwanafunzi ni mahali pa kupita.

Mipaka ni rahisi. Chini ya kila zoezi kijana aandike "baada ya", jina la msanii, jina la kazi na mwaka. Zoezi lisiuzwe, lisipelekwe kwenye mashindano, na lisiwekwe mtandaoni kana kwamba ni lake. Kama msanii yuko hai na kijana anataka kuuza kitu kinachofanana na kazi yake, hapo aombe ruhusa kwanza. Na ukitaka kupima kama anajifunza, mwambie afungue ukurasa wowote akueleze msanii alianza wapi, na kilichofuata kilikuwa nini. Aliyenakili tu hatajua.

Naishi Dodoma. Mkaa wa kuchorea haupatikani steshenari za huku, na ule wa jikoni unakwaruza karatasi. Pia nataka kujaribu ile njia ya William Kentridge ya kufuta na kuchora tena. Nianzie wapi? — Mwanafunzi wa chuo

Unakaa kwenye mizabibu na unatafuta mkaa! Mkaa wa kuchorea wa vijiti vya mzabibu ni kifaa cha wachoraji tangu zamani. Wakulima wanapopogoa, omba matawi yenye unene wa penseli. Yamenye maganda yakiwa mabichi, yakate sm 10, yaanike hadi yavunjike kwa sauti. Yapange kwenye kopo la bati lenye mfuniko, yabanane, ili hewa isibaki nyingi. Toboa mfuniko tundu moja kwa msumari mwembamba, kisha kopo liingie kwenye moto wa kuni au jiko la mkaa, nje ya nyumba.

Moshi mweupe utatoka tunduni. Ukikoma kabisa, mkaa umeiva. Kopo dogo la maziwa ya unga huchukua kama saa moja, lakini ufuate moshi, usifuate saa. Liondoe motoni, ziba tundu kwa udongo, uliache mpaka lipoe kabisa, ikibidi hadi kesho yake. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanafungua likiwa la moto, hewa inaingia, vijiti vinashika moto na kuwa majivu mbele ya macho yao. Vijiti vikitoka na rangi ya kahawia na kukwaruza, havijaiva, virudishe. Mkaa wa jikoni unakwaruza kwa sababu ni wa miti migumu, na umeungua bila mpangilio.

Karatasi ya kuchapia ni laini mno, unga wa mkaa hauna pa kushika. Tumia karatasi ya kaki, au upande wenye mparuzo wa manila.

Kentridge, mzaliwa wa Johannesburg wa mwaka 1955, amekuwa akitengeneza filamu za namna hii tangu 1989. Anachora kwa mkaa kwenye karatasi moja, anapiga picha, anafuta sehemu, anachora tena, anapiga tena. Kilichofutwa hakiondoki chote, kinabaki kivuli, na kivuli hicho ndicho kinachosimulia mwendo. Kwa hiyo usitafute raba inayofuta vizuri. Anza na kitambaa kikavu kinachosambaza unga, kisha raba ya kawaida pale unapotaka mwanga. Wachoraji wa kale walitumia sehemu laini ya ndani ya mkate, nayo inafaa, ilimradi isiwe imegusa siagi.

Karatasi iwe angalau A3, ibandikwe ukutani kwa tepu pembe zote nne. Simu ifungwe kwenye kiti au ishikiliwe na rundo la vitabu, isisogee hata kidogo, na uzime mwanga wa kamera. Kwa sinema unahitaji picha kama nane kwa kila sekunde, kwa hiyo sekunde kumi ni picha themanini. Kwa daftari, hatua kumi au kumi na mbili zinatosha. Chagua mwendo rahisi: mtu anayevuka barabara, mlango unaofunguka. Bandika picha ndogo za kila hatua kwenye kurasa mbili zinazokabiliana, na karatasi yenyewe ikunje mara moja uitie mwishoni. Kosa la kawaida ni kusogeza vitu vingi kwa mara moja. Sogeza kimoja.

Ili mkaa usihamie ukurasa wa pili, dawa ya kupulizia nywele inafaa kwa daftari: umbali wa sm 30, pulizo mbili nyepesi, dakika tano kati yake. Ukiisogeza karibu, matone yatatoboa unga na kuacha madoa. Itageuka njano kidogo baada ya miaka, na kwa kazi ya kuuza hatuishauri. Van Gogh michoro yake ya penseli aliimwagia maziwa yaliyochanganywa na maji ili isifutike, lakini kwa joto letu na sisimizi wetu, hatukusukumi huko.

Shuleni kwetu hakuna rangi wala brashi. Tuna peni, krayoni na karatasi za kuchapia. Kuna msanii tunayeweza kumjaribu? — Wanafunzi, Bukoba

Yupo, tena anawafaa kuliko wengi: Paul Klee. Alipaka karatasi rangi nyeusi ya mafuta, akaigeuza juu ya karatasi safi, akachora kwa ncha kali upande wa nyuma. Mstari uliojichapa chini ulikuwa na manyoya na madoa ambayo mkono hauwezi kuyachora kwa makusudi. Juu yake akapaka rangi ya maji. Picha yake ya mwaka 1922 ya ndege wanaoendeshwa kwa mkono wa mashine ilifanywa hivyo.

Nyinyi chukueni karatasi, muijaze krayoni nyeusi kwa kukandamiza, kwanza kwa kwenda juu na chini, kisha kwa kulala, mpaka weupe usionekane. Iwekeni juani dakika kumi ili nta ilainike. Igeuzeni juu ya ukurasa wa daftari, mbane kwa klipu mbili, mchore nyuma kwa peni iliyoisha wino. Mstari ukitoka hafifu, nta ni kidogo au imepoa. Kiganja kikilala kwenye karatasi kitaacha wingu jeusi, kwa hiyo wekeni rula chini ya mkono, au lazeni kiganja pale mnapotaka wingu.

Kwa rangi ya maji pikeni chai nzito, majani vijiko viwili katika nusu kikombe, au kahawa, ambayo kwenu haihitaji kutafutwa. Kahawa ya kuyeyuka kijiko kimoja cha chai kwa vijiko vitatu vya mezani vya maji inatosha. Ikizidi hapo inabaki inanata, na siku ya mvua kurasa zitashikana. Pakeni kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti. Nta inakataa maji, kwa hiyo mstari utabaki mweusi safi katikati ya kahawia.

Ni lazima kuandika maelezo pembeni? Mimi si mwandishi. — Kidato cha nne, Kigoma

Andika, ila kidogo. Kifaa, karatasi, uwiano uliochanganya, kilichoharibika, utakachobadilisha. Mistari mitatu. Maisha ya msanii yaliyonakiliwa kutoka mtandaoni, na tarehe ya kuzaliwa ya mama yake, hayaongezi alama.

Nafanya kolaji nikifuata Wangechi Mutu na Matisse. Kurasa zinajikunja kama chapati, na daftari limevimba halifungi. — Mwanafunzi, Mombasa

Karatasi ikilowa inatanuka, ikikauka inasinyaa. Umebandika kipande kilichotanuka upande mmoja tu, kwa hiyo kinaposinyaa kinauvuta ukurasa mzima. Tiba ni tatu, na zote zitumike pamoja. Paka gundi nyepesi kipande chote, kutoka katikati kwenda kingo, kisha usubiri dakika moja kitanuke kabla ya kukibandika. Nyuma ya ukurasa paka gundi kiasi hicho hicho, au bandika karatasi tupu yenye ukubwa huo. Halafu weka mfuko wa nailoni juu na chini, funga, lundika vitabu vizito usiku mzima.

Gundi ya kupika ni nafuu: unga wa ngano vijiko viwili vya mezani, ukorogwe kwanza kwa maji baridi kidogo usifanye madonge, kisha maji yatimie kikombe kimoja, upike kwa moto mdogo dakika tatu au nne hadi ung'ae. Kwa joto la Mombasa itachacha baada ya siku mbili. Tone la mafuta ya karafuu huchelewesha ukungu. Mende wanaipenda gundi hii kuliko unavyompenda Matisse, kwa hiyo daftari lisilale jikoni. Kwa vipande vidogo, gundi ya kijiti.

Kuhusu wasanii hao wawili, usiwachanganye. Matisse hakukata magazeti. Karatasi zake zilipakwa kwanza rangi ya guashi, yaani rangi nzito ya maji, zikakauka, ndipo akakata moja kwa moja kwa mkasi bila kuchora mstari. Vipande vilibanwa kwa pini na kuhamishwahamishwa kabla ya kubandikwa. Kwa hiyo paka karatasi zako mwenyewe, nne au tano, na uifiche penseli. Mutu, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1972, anatumia picha za magazeti, wino na rangi, kazi nyingi zikiwa juu ya karatasi ya plastiki ambapo wino hauingii ndani bali unatuama na kukauka kwa madimbwi. Chukua jalada la plastiki la faili, ulipanguse kwa sabuni liondoke mafuta, udondoshe wino na uinamishe taratibu. Ukikauka, zungushia vipande ulivyokata magazetini: jicho, kiwiko, pikipiki. Plastiki ishone kwenye ukurasa kwa uzi pembe nne, maana gundi ya unga haitaishika.

Daftari kuvimba kunatibiwa kwa wembe. Katika kila karatasi tatu kata moja, ukiacha ukingo wa sm 2 karibu na mshono. Ukingo huo unajaza nafasi mgongoni, na jalada litafunga. Kata kabla hujaanza kubandika, wala usifike kwenye mshono, kwa sababu ukifika hapo karatasi iliyoshikana na hiyo upande wa pili wa mshono italegea na kutoka.